Safari ya Serengeti na Unguja: Tulivyokwenda, na Nionavyo Tungelipaswa Kwenda



Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka amenitaka niandike maneno mawili matatu juu ya ile safari ya jamaa zetu ya mwezi wa Agosti 2023, kwa sababu limezuka shauri la kwenda tena, na safari hii nyumba tatu zinataka kufuatana badala ya moja. Nimesikia kuwa wengine wamekwisha kuanza kutazama bei. Basi kabla fedha haijatoka mfukoni, nami nipewe nafasi niseme la moyoni. Vijana wetu watanisamehe. Miaka yangu mingi nimeipitisha mbele ya ubao, na mwalimu hata akistaafu hawezi kuliona kosa akanyamaza.

Nianze kwa kusema kuwa sikujuta kwenda. Kuna niliyoyaona kule ambayo mpaka leo nikifumba macho nayaona. Lakini kuna mambo mengine yamenikaa kooni mpaka sasa, na hayo ndiyo khasa yaliyonifanya nishike kalamu.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mwanangu wa pili ndiye aliyepanga kila kitu kwa simu yake, na kwa hakika alijitahidi sana, maana kuwakusanya watu kumi na mmoja wa Maskati wenye likizo mbali mbali si kazi ndogo. Alinunua safari iliyofungwa yote pamoja: ndege, gari, malazi na chakula, kwa bei moja. Siku nne za bara, Ngorongoro na Serengeti. Siku tano za ufukweni, mashariki ya Unguja. Siku ya mwisho kabisa, kabla ya kwenda uwanja wa ndege, alasiri moja mjini. Nilipouona mpango ule nikauliza, "Na Shangazi?" Nikaambiwa, "Baba, yumo, siku ya mwisho." Nikanyamaza. Kosa la kwanza ni langu mimi.

Tukiwa ndani ya gari, tumekwisha toka Arusha na kupita Mto wa Mbu, mjukuu wangu wa kike mwenye umri wa miaka minane akaniuliza, "Babu, safari inaanza lini?" Nikamwambia, "Safari ilianza jana tulipotoka nyumbani." Akacheka, akaona babu hajui. Kwake yeye safari ni kuona simba, ndivyo alivyojifunza skuli kwa Kiingereza. Neno letu, ambalo sisi wenyewe tumelipata kwa Waarabu, Wazungu wakalichukua, wakalifinyanga, na sasa linarudishwa kwa watoto wetu likiwa na maana nyingine. Nilitumia nusu saa nzima kumweleza kuwa hata mtu anayekwenda Bububu kumzuru mgonjwa yumo safarini. Sidhani kama alikubali.

Sasa nieleze uzuri, maana ni haki usemwe. Ngorongoro ni bonde la duara lililobaki baada ya mlima wa moto kuporomoka ndani. Kina chake ni kiasi cha mita 600, na uwanda wake chini ni kiasi cha kilomita za mraba 260. Tulilala ukingoni, juu sana, na huko Agosti ni baridi. Sisi tulitoka Maskati katika joto la zaidi ya digrii arubaini, kanzu nyepesi na viatu vya wazi, hakuna hata mmoja aliyefikiri kuchukua sweta, maana kwetu "Afrika" ni joto. Usiku ule mke wangu alilala na mabuibui mawili juu ya blanketi tatu. Alfajiri nilipotawadha maji yalinikata vidole. Nikauliza kibla kiko wapi, kijana wa hoteli akanionyesha bila ya kusita, upande wa kaskazini, akaniambia wageni Waislamu huja mara kwa mara. Kwa mtu aliyezoea kusali akielekea magharibi kama sisi wa Maskati, kurudi kuelekea kaskazini kulinikumbusha chuoni kwetu, ambako "kibla" na "kaskazini" vilikuwa karibu neno moja.

Tuliteremka bondeni jua linachomoza. Umande, ukungu, halafu ukungu ukafunuka kama pazia na pale chini pakawa pamejaa pundamilia, nyumbu, nyati na swala, na ziwa la magadi limezungukwa na ndege wa heroe. Simba jike alipita karibu ya gari hata mjukuu mdogo akaacha kula. Faru tulimwona kwa mbali mno, kama jiwe jeusi, na mpaka leo mke wangu anasema lilikuwa jiwe. Watoto wakauliza, twiga yuko wapi? Dereva akawaambia kuwa ndani ya bonde lile hakuna twiga: kuta zake ni za mteremko mkali kwa mnyama mwenye miguu ile, na chini miti ya kula ni michache. Twiga tuliwaona kesho yake kwa wingi.

Juu ya dereva huyu nitakaa kidogo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa faida yetu kubwa kuliko simba. Siku ya kwanza alikuwa akisema nasi Kiingereza, kwani karatasi yake ilimwambia atawachukua Waomani. Nilipomwambia, "Bwana, sema Kiswahili, sisi ni watu wa Unguja," alisimamisha gari akageuka kunitazama. Tangu hapo wajukuu zangu wakasikia kitu ambacho nyumbani hawajapata kukisikia. Kwao Kiswahili ni lugha ya jikoni, lugha ya bibi anapokasirika. Hapa alikuwepo kijana wa Arusha, amesomea kazi yake chuoni, anaeleza kwa Kiswahili safi kwa nini nyumbu jike huzaa karibu wote kwa wakati mmoja, ili fisi na simba washibe na bado ndama wengi wasalie; na kwa nini ndama wa nyumbu husimama kwa dakika chache tu baada ya kuzaliwa. Mjukuu wangu wa kiume, ambaye hunijibu Kiarabu kila nimsemeshapo Kiswahili, alimwuliza dereva kwa Kiswahili, kilichovunjika vunjika lakini Kiswahili, "Na mama yake anamjua vipi?" Dereva akamjibu, kwa harufu na kwa sauti. Niliangalia nje ya dirisha muda mrefu.

Hasara ya bara ilikuwa nyumbu wenyewe. Picha iliyomvutia mwanangu ilikuwa ile maarufu, nyumbu wanajitupa mtoni na mamba wanangoja. Sisi tulilala Seronera, katikati ya Serengeti. Lakini nyumbu zaidi ya milioni moja hawakai mahali pamoja. Wanafuata mvua na majani. Mwezi wa Februari wako kusini upande wa Ndutu, wanazaa. Kati ya Julai na Septemba wengi wao wako kaskazini kabisa, mto Mara, mpakani na Kenya. Basi mwezi wa Agosti, Seronera, mtu huona simba na chui na viboko na ndovu, ila ile picha haioni. Hakuna aliyetudanganya, picha haikuandikwa tarehe wala mahali, na sisi hatukuuliza. Lakini mwanangu alinuna siku nzima, na siku ya mbugani ni ghali kwa mtu kununa. Ada ya mgeni kuingia hifadhini ni mara nyingi kuliko ya mwenyeji, na gari kuteremka bondeni nalo lina ada yake. Nililipa kiwango cha mgeni mimi niliyezaliwa Malindi. Sikulalamika, nilitoka nikiwa na miaka kumi na mine na pasi yangu inasema lililo kweli.

Pale Ngorongoro wanaishi Wamasai na ng'ombe zao. Kampuni ilikuwa imetuwekea saa moja ya kuingia katika boma, kuona wanaruka, kununua shanga. Nilikwenda, sikupendezewa, nikatoka mapema nikakaa na mzee mmoja nje. Wamasai waliokuwa Serengeti walihamishiwa Ngorongoro mwaka 1959, ilipotengwa na hifadhi. Na tangu mwaka 2022 Serikali imekuwa ikihamishia jamaa nyingi kutoka Ngorongoro mpaka Msomera, wilaya ya Handeni. Kuna wasemao ni kwa ajili ya kulinda nchi na wanyama, na wasemao ni dhuluma, na mimi si mtu wa kuhukumu kwa saa moja. Mzee yule aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia, Unguja, halafu Maskati. Akauliza, "Mlihamishwa?" Nikakosa jibu la kumpa mara moja, nikamwambia, "Tulihama." Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa zaidi ya nilivyosema.

Kutoka Serengeti tuliruka kwa ndege ndogo moja kwa moja mpaka Unguja. Hapa sikilizeni vizuri, khasa kina mama. Ndege zile zinakubali kilo 15 kwa mtu, katika mfuko laini. Sisi tulikuwa na masanduku magumu ya kiasi cha kwenda Hija. Tulikuwa tumechukua halwa ya Shangazi, mikebe sita, na tende, na kitambaa cha buibui, na dawa zake za magoti. Pale kiwanja cha majani, chini ya jua, rubani anangoja, tulifungua masanduku mbele ya watu tukaanza kuchagua. Dawa na kitambaa zikaokoka. Halwa na tende tukampa dereva. Watoto wake wameila kwa afya, na mimi sijutii kumpa yule kijana chochote. Lakini ilikuwa halwa ya Shangazi.

Sasa pwani. Jamani, pwani ya mashariki ya Unguja ni nzuri, mchanga kama unga, minazi, ngalawa. Picha zake zote hupigwa maji yakiwa yamejaa. Tulifika mwezi wa Safar umeandama. Mtu yeyote aliyesoma chuoni na akakaa karibu na bahari angelijua maana yake: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, hayo ni maji ya bamvua. Bahari inajaa sana na inapwa sana. Na kwetu, siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Basi kila siku wajukuu wakimaliza chai na kuvaa nguo zao za kuogelea, bahari ilikuwa imeondoka. Imekwenda kule mbali mwambani, imeacha mchanga, nyasi na madimbwi. Mkwe wangu, aliyezaliwa Uingereza, alidhani kuna jambo limeharibika, akaenda kuuliza mapokezi itatengenezwa lini. Maskini, simcheki, hakufunzwa. Lakini mimi nilifunzwa, na kalenda ya Kiislamu ilikuwa ukutani kwangu siku tulipochagua tarehe. Tungelifika tarehe nane au tisa ya mwezi, au ishirini na tatu, tungelikuta maji mafu, watoto wangeliogelea asubuhi kwa raha.

Siku ya pili mmoja wao alitembea madimbwini pekupeku akamkanyaga yule mdudu mweusi wa miiba. Kelele zilifika hotelini. Mvuvi mmoja alikata papai bichi, akampaka utomvu wake, na baada ya saa kadhaa miiba ikalainika. Vaeni viatu. Sitarudia.

Lakini maji kupwa kulileta jambo jingine. Bahari inapoondoka ndipo wanawake wa mwani wanapoingia. Wamelima mwani pale tangu mwishoni mwa miaka ya themanini: vijiti vimechomekwa mchangani, kamba zimevutwa baina yake, na vipande vya mwani vimefungwa mmoja mmoja kwa uzi. Wanainama saa tatu nne, maji ya chumvi mpaka magotini, jua juu. Siku hizi maji yamezidi joto na mwani mnene, ule wenye bei, hauoti vizuri kama zamani. Wajukuu zangu wakubwa wawili walitoka na simu zao, wakaanza kuwapiga picha kwa namna ile ile waliyowapiga picha nyati Ngorongoro. Wanasogea, wanachutama, wanatazama kioo, wanasogea tena. Mimi nilikuwa nyuma kidogo. Nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenziwe, "Tazama hawa nao, wanatupiga kama kima punju."

Wale ambao hawajui, kima punju ni wale kima wekundu wa msitu wa Jozani, ambao watalii huwaendea kwa mabasi.

Nilisikia aibu ambayo sijaisikia tangu utotoni. Nikapiga hatua, nikasema, "Shikamooni kina mama. Tusameheni, watoto hawakufunzwa." Wakashtuka. Yule mama akajifunika uso kwa kanga, akasema, "Lo! Kumbe mwasikia! Marahaba, baba, tusamehe na sie." Nikamwambia hana la kusamehewa. Akaniuliza ukoo wangu, kama wafanyavyo wote, na haikufika dakika tano tukapata mtu tunayemjua sote. Halafu akawaita wale watoto, akawapa uzi. Mjukuu wangu wa kike alifunga mwani mpaka maji yalipoanza kurudi, akafunga vibaya, akafunguliwa, akafunga tena. Simu ilikuwa mfukoni. Kesho yake alikwenda mwenyewe bila kuitwa, akarudi akiwa na maneno mapya ambayo hata mimi sikuyajua.

Hotelini kwetu maneno yalikuwa mengine. Kila tulipopita tuliambiwa "Jambo! Hakuna matata!" Huo ni wimbo, bwana. Bendi ya Them Mushrooms ya Kenya iliutoa mwaka 1982, ukawapendeza wageni, na sasa umekuwa salamu. Hakuna mtu wa Unguja anayemsalimu mtu wa umri wangu kwa "Jambo". Nikamwuliza kijana wa mezani kwa upole kwa nini hanambii shikamoo. Akajibu, "Mzee, tumeambiwa tuseme hivi, wageni ndio wanaoijua." Kijana mwenye adabu zake, analipwa azifiche. Na mjukuu wangu mdogo alirudi Maskati anasema hakuna matata kutwa nzima, shikamoo lazima akumbushwe.

Ya Kizimkazi nitayapita haraka. Tulipelekwa kuona pomboo, na tulikuta mashua nyingi zinawazunguka wale wanyama, injini zinanguruma, watu wanarukia majini juu yao. Sitaki tena, na nisingependa jamaa yangu yeyote alipie jambo lile. Kilichonikasirisha zaidi ni kuwa pale pale Kizimkazi Dimbani upo msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, na haukuwemo katika mpango. Miaka zaidi ya mia tisa, na sisi tunakwenda kuwasumbua samaki! Nilikataa kupanda gari mpaka tulipopewa robo saa. Watoto waliingia, wakasoma herufi mbili tatu, wakatoka kimya.

Na siku hiyo hiyo, wakati simu yangu imefungwa chumbani isirowe, lilitokea lile ambalo sisi hatukulijua mpaka siku ya mwisho.

Siku ya mwisho tulifika kwa Shangazi, Mkunazini, saa nane mchana. Ana miaka themanini na mine. Ndiye wa mwisho aliyebaki katika watoto wa babu, na ndiye aliyenipeleka chuoni siku ya kwanza akinishika mkono. Tulipanda ngazi, watu kumi na mmoja, na dereva wa kampuni chini ameacha gari inanguruma kwa kuwa njia ni nyembamba. Ukumbi wa juu ulikuwa umefagiliwa, na ukutani palikuwa na magodoro manne mapya bado yamo ndani ya nailoni, na vyandarua vimekunjwa juu yake. Nilidhani ni biashara ya mtu. Mke wangu, ambaye akili yake ni nyepesi kuliko yangu, alinibana mkono.

Shangazi alikuwa ameyanunua kwa ajili yetu. Alisikia tunakuja siku kumi, akahesabu vichwa, akaona wanawake watalala naye chumbani, wanaume ukumbini, akapunguza kwengine akanunua magodoro. Siku tuliyotua Unguja alipika. Hatukuja. Siku ya pili alipika. Siku ya tatu alimtuma mjukuu wake, mtoto wa miaka kumi na saba, apande daladala mpaka mashariki na kikapu cha mikate ya kumimina na samaki wa kupaka. Mlinzi wa getini alimwambia chakula cha nje hakiingii na jina lake haliko katika orodha. Akaomba tuitwe. Akaambiwa tumetoka. Akapiga simu, na simu yangu ilikuwa chumbani. Alikaa chini ya mkungu mpaka alasiri, kisha akarudi na kikapu chake. Mlinzi aliahidi kutupa ujumbe, ujumbe haukufika.

Shangazi hakuyasema haya kwa hasira. Aliyasema akitutilia juisi ya ukwaju. Kisha akaniuliza swali moja tu, akinita kwa jina langu la utotoni: "Mmekuja Unguja mkalala kwa wageni?" Nikatazama mikono yangu, haina hata mkebe mmoja wa halwa. Dereva akapiga honi. Tulikaa saa moja na dakika arubaini. Mjukuu wangu wa kike alimwonyesha vidole vilivyochubuka kwa uzi wa mwani, na Shangazi akavishika muda wote tuliokaa.

Sasa hoja yangu. Wanangu wananiambia, na wana haki ya kusikilizwa, kuwa wao hufanya kazi mwaka mzima, kuwa likizo ni ya kupumzika, na kuwa kwa Shangazi hakuna kupumzika: choo kimoja, ngazi kali, umeme unakatika, na kila saa anaingia jamaa mpya wa kusalimiwa. Mkwe wangu alisema jambo jingine la kweli zaidi, kuwa watu kumi na mmoja kumlalia bibi wa miaka themanini na mine ni kumwonea, hata kama mwenyewe anapenda. Nakubali. Pia nakubali kuwa bila ya kampuni tusingelifika Serengeti, na kuwa watoto wanastahili kuona simba na kuogelea. Sisemi tusiende hotelini kabisa. Mimi mwenyewe nilipenda kile kitanda.

Nisemalo ni kuwa mpango huanza na wapi. Tulianza na picha, na watu wetu tukawapa mabaki ya siku. Na ukishanunua safari ya namna ile kila saa ina mwenyewe, huwezi tena kusema "leo tukae." Kwa hiyo rai yangu kwa nyumba tatu zinazotaka kwenda ni hii. Tufike Unguja kwanza, bara baadaye. Siku nne za mwanzo ziwe za mjini, wachache walale kwa Shangazi kwa zamu, wawili usiku huu na wawili usiku ule, wengine katika nyumba ya wageni ya karibu, na chakula cha mchana tule kwake sote, ila gharama tutoe sisi na kupika wasaidie wetu. Halwa ifike mikononi mwake kabla ya kuona kilo za ndege ndogo. Halafu pwani siku tatu tu, tarehe za maji mafu. Kalenda ninayo, nitazipigia mstari. Halafu Ngorongoro na masweta. Na Serengeti, kama ni Agosti na mnataka nyumbu wa mtoni, tulipie kwenda kaskazini, au tusiwataje. Dereva tumwombe yule yule kama bado yupo.

Mambo madogo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni anayeingia Zanzibar lazima anunue bima ya huko, dola 44 kwa mtu mzima, nayo huchukuliwa kabla ya safari, kwa hiyo msije mkasema ni bei ya juu ya bei. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Fungeni vitu kwa nguo au vikapu. Dawa ya malaria mwulizeni daktari wiki kadhaa kabla, khasa kwa ajili ya bara. Na atakayepita Kenya kwanza achukue kadi ya homa ya manjano, kwani ataulizwa.

Nilimpigia Shangazi simu Ijumaa iliyopita. Magoti yanamsumbua, sauti ni ile ile. Magodoro yapo; mawili amewapa watu wa chini walalie, akasema atayadai. Anataka kujua ni wangapi na ni lini. Basi wenye kuafikiana nami, na wasioafikiana pia, wanipigie kabla ya Ramadhani, nipate kumjibu.